Mfumo wa mishahara ulinisoma marehemu, nilipopanda Kilema nikakuta kaburi langu limeshachimbwa

Wakuu, heshima kwenu wote, mnaopokea mshahara na mnaousikia kwa jirani.

Haya ninayoandika sijayatoa kichwani. Yamenipata mimi mwenyewe, na waliokuwepo siku ile wengine wamo humu wanasoma kimya kimya. Usiyetaka kuamini, nyuzi za mpira zipo, nenda kabishane huko.

Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji, hospitali ya serikali hapa Moshi. Hospitali ipi haiwahusu.

Najua mtu akisikia "bingwa" anaanza kuniona kwenye V8. Tulia mkuu. Mshahara upo, sikatai. Lakini kabla haujanifikia inapita kodi, inapita pensheni, bima, chama, bodi ya mikopo.

Halafu inakuja benki. Nilikopa kujenga. Nikafanya top up mtoto alipoenda chuo, nikafanya top up nyingine marehemu baba alipougua.

Sheria inasema mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi ya mshahara wake. Basi mimi nimelala hapo hapo kwenye theluthi, miaka sasa. Ukisoma salary slip yangu juu unaona bosi, ukishuka chini unakutana na kibarua.

Kwetu Kilema wanaijua ile ya juu tu. Kila nikipanda nyumbani naulizwa bati za mama, ada za watoto wa mdogo wangu Deo, mchango wa jumuiya. Nikisema sina, watu wanacheka kabisa. Mama yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia, anasema, "Haya baba, Mungu atakupa." Na unaona kabisa hajakuamini.

Ndiyo maana zikitangazwa safari za outreach huwa najiandikisha wa kwanza. Per diem haina makato. Mwezi huo wa masika tukapelekwa vijiji vya juu kabisa huko Upare, kupasua ngiri na mabusha. Network ya huko ni ya kupanda juu ya jiwe, na jiwe lenyewe linateleza. Nikazima simu nikachapa kazi.

Tunarudi Moshi, kwenye gari simu za wenzangu zinalia moja moja. Mshahara umetoka. Yangu kimya.

Nikanyoosha moja kwa moja ofisi ya utumishi. Yule mama wa pale tunataniana sana, yeye Mmachame, mimi wa Kilema. Nikafungua mlango nikasema, "Mama, mwezi huu mmeamua kunila mzima mzima?"

Hakucheka. Alinikodolea macho mpaka nikajiangalia miguuni.

"Daktari," akasema polepole, "si tulisikia ulifia safarini?"

Wakuu, ilikuwa hivi. Kuna mtumishi mwingine wa idara nyingine alikuwa amefariki, Mungu amrehemu. Karani wakati wa kumtoa kwenye payroll akaingiza check namba yangu, ile namba ya utumishi. Mfumo ukaleta jina langu, na chini yake namba ya ndugu wa karibu, Deo. Karani akampigia kumpa pole na kuuliza mazishi ni lini, ili ofisi iandae jeneza na gari. Deo akanipigia, sipatikani. Akaenda mochwari, maiti haipo. Akaambiwa labda bado iko njiani inatoka Upare. Na kweli nilikuwa njiani natoka Upare.

Nikampigia Deo pale pale.

"Deo, ni mimi."

Nikasikia mtu anavuta pumzi, simu ikakatwa. Nikapiga tena, akapokea shemeji, mke wa Deo. Huyo hata haloo hakusema, alianzia Salamu Maria.

Nikafungua WhatsApp niandike kwenye group la ukoo. Nimetolewa. Kuna mtu aliona haipendezi namba ya marehemu ikae kwenye group la mchango wa msiba wake.

Hapo nilicheka. Nikawasha gari kwenda nyumbani, na nilikuja kuacha kucheka nilipofika Kiboriloni.

Nilipunguza mwendo pale sokoni maana watu wanavuka ovyo. Kuna mama wa kijijini kwetu huwa anauza ndizi pembeni ya barabara, tunafahamiana tangu utoto. Nikapiga honi, nikampungia mkono. Aliweka beseni chini taratibu, akavuta kanga akajifunika uso wote, akabaki amesimama hivyo hivyo. Kwenye kioo nilimwona bado amejifunika.

Nikashika njia ya Himo, nikakata kupanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, mchana kweupe nimewasha taa. Niliokutana nao njiani walikuwa wanashuka, wamevaa nguo za msiba. Wakiliona gari wanasogea kwenye majani na kugeuka kutazama upande wa pili. Hakuna aliyenisalimia, na huko kwetu hata mwizi anasalimiwa.

Gari nikaliacha juu, nikaingia kihambani, shamba letu la ukoo, kwa njia ya nyuma, kati ya migomba. Kabla sijaonekana nikasikia kipaza sauti. Mwenyekiti wa kamati anaongea.

"Mafao ya daktari yakitoka, cha kwanza ni bati za mama. Cha pili ada za watoto wa Deo. Kitakachobaki tutajengea kaburi, la marumaru, maana huyu alikuwa mtu mkubwa."

Watu wakaitikia kwa sauti ya kuridhika. Nilisimama pale kwenye matone ya mvua nikasikiliza shida zote za ukoo zinaisha. Nisiwafiche wakuu, maiti yangu ilikuwa na take home kubwa kuliko mimi. Kuna dakika niliona aibu kutokea.

Nikatokea.

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo. Wakanyamaza mmoja mmoja kadiri wanavyoniona, besi ndiyo ya mwisho. Turubai la bluu, viti vya kukodi, na mezani picha yangu na joho la mahafali, mshumaa mbele yake. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Waliniangalia tu, kama mnavyomwangalia mtu aliyekuja kuvuruga kitu kilichokwisha pangwa.

Nikamwendea baba mkubwa Kanuti, kaka yake marehemu baba.

"Shikamoo baba mkubwa."

Hakuitikia. Nikarudia, nikidhani hajasikia. Mzee huyo haijawahi kutokea akakosa kusema marahaba. Aliniangalia miguu, akaniangalia mikono, akasema, "Usiingie ndani. Kaa hapo hapo ulipo."

Nikaanza kueleza mambo ya check namba. Nilijieleza kama mwanafunzi aliyechelewa. Walinielewa, Deo hata aliitikia kwa kichwa. Lakini baba mkubwa alinishika mkono wa shati, si mkono wenyewe, akanipeleka pembeni ya kaburi la baba.

Langu lilikuwa hapo. Walikuwa wamewahi kulichimba kabla mvua haijazidi. Limenyooka, safi, chini maji kidogo yametuama. Nimepasua watu maisha yangu yote, damu hainisumbui. Lile shimo nililiangalia mara moja nikageuza uso.

"Kaburi likishafunguliwa kihambani haturudishii udongo mtupu," akasema baba mkubwa. "Lina jina lako. Litakutafuta."

Katekista akasema hayo ni mambo ya kipagani na yeye hatasali. Akageuka akatupa mgongo. Lakini hakuondoka.

Vijana wakang'oa mgomba mzima na shina lake. Nikaulizwa kama nina nguo niliyoizoea mwilini. Kwenye gari nilikuwa na koti langu jeupe la wodini, jina limeshonwa mfukoni. Wakauvalisha ule mgomba, wakaufunga kamba, wakaushusha.

Nilipoinama nishike udongo nami nirushe, baba mkubwa akanizuia. "Marehemu hajiziki."

Basi nikasimama. Wanawake wakalia, wakuu, kilio cha kweli chenye kamasi. Deo alilia huku ananitazama usoni. Ee Ruwa, Mungu wangu! Sijui nawaelezaje mtu kukulilia huku anakutazama usoni.

Walipomaliza kusawazisha, baba mkubwa alinawa mikono, akanigeukia.

"Sasa nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pole kwa safari." Akanikumbatia. Watu wakashusha pumzi, mbege ikamiminwa, utani ukaanza. Shemeji akaniuliza huko nilikokuwa nimeonana na bibi yake.

Mimi nikaingia ndani kwa mama.

Walikuwa wamempa dawa ya usingizi tangu alipopokea habari, kwa ajili ya presha yake. Alikuwa amekaa kitandani ameshaamka, amefunga kitambaa cheusi. Nikapiga magoti, nikamshika mikono.

"Mama, ni mimi. Sijafa."

Aliniangalia vizuri, kwa upole kabisa. Akasema, "Asante kwa kuja daktari. Ulikuwa unafanya kazi na mwanangu?"

Nilidhani ni dawa. Nikasubiri iishe nguvu. Dawa iliisha, swali likabaki.

Wakuu, imepita miezi. Upande wa ofisi nilirudishwa kwenye mfumo kwa barua ya kurasa mbili, na malimbikizo yakaingia, na benki ikakata yake siku hiyo hiyo bila hata kunipa pole. Karani aliniomba radhi, nikasamehe.

Kwa mama bado. CT scan imesoma safi. Mwenzangu wa magonjwa ya akili amekaa naye sana, anasema mama anajua mwaka, anamjua Rais, anamjua Deo na wajukuu wote kwa majina. Nami ananifahamu. Mimi ni yule daktari mwema, rafiki wa marehemu, anayekuja kumtazama. Ananikaribisha kwenye kiti cha wageni. Ananipa kikombe cha wageni.

Na pale kaburini ule mgomba umechipua. Mama anaumwagia maji kila asubuhi na hataki mtu aukate.

Juzi nilimkuta amekaa hapo pembeni. Akanisogezea kigoda. Nikakaa, akasema:

"Daktari, nikuulize kitu. Wewe na mwanangu mlikuwa kazi moja. Alikuwa akiniambia mshahara hautoshi. Mimi nikawa najua ananificha, labda kuna mwanamke huko mjini amemshika akili. Niambie ukweli maana yeye ameshakwenda. Ulikuwa unamtosha?"

Miaka yote hiyo mama hakuwahi kuniuliza hivyo. Nami miaka yote nilikuwa nasema sina, basi, naona aibu kumwonyesha ile theluthi.

Nikamweleza yote. Kodi, benki, top up, kwa nini nilikuwa nakwenda mpaka Upare. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana mama," nikasema. "Ulikuwa haumtoshi."

Mama akalia. Alilia akiwa ameweka kiganja juu ya ule udongo, anausugua polepole, kama anavyosugua mgongo wa mtoto.

"Nisamehe baba," akawa anasema. "Nisamehe baba, nilikuwa sijui."

Alikuwa anauambia mgomba. Mimi nimekaa hapo hapo, karibu kabisa. Nikamwambia nimekusamehe mama. Akaniitikia, "Asante daktari."

Nilichojifunza ni kimoja. Salary slip yako mwonyeshe mama yako, ile mpaka chini kabisa, angali anajua wewe ni nani. Usione aibu. Usingoje.

Nawaachia uwanja. Matusi yenu kuhusu mgomba nitayavumilia, na wa makanisani nanyi semeni, nimeshazoea. Ila kama humu kuna mtu mama yake aliwahi kumzika akiwa hai, na baadaye akamkubali tena, naomba aniandikie alifanyaje.