Taka za Mtani

Watu huniambia kisasi ni aibu, hasa kwa mwanamke wa umri wangu. Mimi nililipiza kisasi changu mchana kweupe, mbele ya katekista na waombolezaji, na mpaka leo nikikumbuka nasikia raha kama mtu aliyekuna mahali palipokuwa pakimwasha. Sijawahi kutubu na sitarajii kuanza leo.

Miaka ya tisini nilikuwa nazoa taka Shangani, mjini Mtwara. Nilikuwa na mkokoteni wangu, napita nyumba kwa nyumba asubuhi, kwa walimu, maofisa na watu wa bandarini. Wengi walidhani nazoa nikatupe. Sikutupa kitu kabla ya kukichambua. Chupa niliziosha nikawauzia wauza mafuta ya taa. Makopo yalikwenda kwa fundi wa vibatari, na madaftari yaliyojaa yakaenda kwa wakaanga karanga. Maganda, majani na matumbo ya samaki niliyasukuma mpaka Mtawanya kwa mama yangu, safari ya kutoa jasho, tukayafukia shimoni na kuyageuza mpaka yakawa mboji. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ndiyo iliyotushinda. Hiyo niliishindilia kwenye magunia na kuipeleka dampo mwenyewe.

Mama alikuwa na bustani ya mchicha na bamia, na chini kidogo ya bustani kulikuwa na kisima kifupi. Maji yake alimwagilia, akapikia, akanywa. Mjane yule hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya bustani na kisima, na mimi.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja Mngoni, mstaafu wa bandari, aliyekuja Mtwara ujanani akitokea Songea. Mimi ni Myao. Babu zetu walipigana vita, sisi tukaachiwa utani. Mngoni na Myao wanaweza kutukanana hata sokoni, kunyang'anyana kofia, na haruhusiwi mtu kukasirika. Kila nilipofika alipaza sauti, "Jamani, fungeni milango, Myao kaja kuiba maganda!" Nami namjibu, "Leo nimekuja kukuzoa wewe mzee, sema sijui kama nitapata mnunuzi." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa chupa zake, ameshaziosha mwenyewe.

Mwanawe hakurithi tabia hiyo. Alinunua trekta na tela, akapata tenda ya kuzoa taka za mji, na wateja wangu wengi wakahamia kwake. Hilo nililimeza. Biashara ni biashara, na trekta si mkokoteni. Lakini dampo lilikuwa mbali na dizeli ina bei yake. Siku moja nikafika kwa mama nikakuta tela zima limemwagwa kwenye mteremko, juu ya kisima. Kulikuwa na rambo, betri za redio, vioo, bandeji, na lundo la maganda ya korosho, yale yenye mafuta yanayobabua ngozi.

Nikamfuata kijiweni kwake, amekaa na wenzake wanakunywa kahawa. Nikamsalimu vizuri, nikamweleza. Akafungua mikono kama anayepokea mgeni.

"Mtani! Si wewe unayependa takataka? Nimekuletea bure mpaka mlangoni, na hata asante sipati!"

Kijiwe kizima kikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu sheria ya utani ndiyo hiyo, ukinuna umeshindwa. Nilirudi nyumbani na kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Wiki haikuisha akamwaga tela jingine. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanisikiliza huku anatabasamu.

"Huyo si mtani wako? Mtamalizana wenyewe, dada yangu."

Basi akawa amepata ngao. Kila nilipolalamika alikuwa na mzaha mpya, na kila mzaha ulifuatiwa na tela. Jirani zake walimwona mcheshi kweli. Mimi nilimwona mtu aliyechukua mali ya babu zetu akaifanya kifuniko cha uchafu wake, na nikamchukia. Nilimchukia nikila, nikioga, nikisukuma mkokoteni.

Mvua zikanyesha, zikayasomba yote kisimani. Mama hakujua. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, na maji aliyachota alfajiri. Akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Siku nilipochota mwenyewe nikaona utando juu ya maji, unang'aa rangi rangi, nikanusa ndoo nikaimwaga. Kuanzia hapo nikawa nambebea maji ya bomba kutoka mbali, ya kunywa tu. Ya bustani sikuyaweza. Mvua zilipokatika mchicha ukakauka, na mama akawa anakaa kibarazani akiutazama. Alikuwa anapungua mwili.

Ndipo yule mzee wa chupa akafariki.

Nililia kweli, maana nilimpenda. Halafu, machozi hayajakauka, nikakumbuka kazi ya mtani msibani. Mtani huja kuvuruga. Huficha jembe, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huingia kaburini na kukaa, na hatoki mpaka wafiwa wamkomboe kwa anachotaka. Mjini watu walikuwa wameshaanza kuisahau hiyo desturi, watani wakirushiwa vijisarafu wanaridhika. Mimi sikuisahau.

Waombolezaji waliletwa makaburini kwa lile trekta. Tela lilikuwa limeoshwa linameta. Kumbe linaoshekaga!

Jeneza lilipokaribia kushushwa nikavua kandambili, nikaruka ndani ya kaburi, nikakaa na kunyoosha miguu. Watu wakaangua kicheko. Mzee angefurahi. Nikapaza sauti kama yeye, "Jamani, fungeni milango, Myao kaja!" Hata mjane wake akacheka huku analia. Mwanawe akaja ukingoni, anatabasamu, akanirushia sarafu. Nikazirusha nje. Akainama na noti. Nikaikunja nikamrudishia.

"Mtani, sasa unataka nini?"

"Nataka trekta."

Wakacheka tena. Nikasubiri wamalize.

"Nataka trekta lije Mtawanya leo, na wewe ukiwa juu yake. Taka zote ulizomwaga juu ya kisima cha mama yangu, uzizoe kwa mikono yako, uzichambue, uzipeleke panapostahili."

Kicheko kikakatika. Nikaona uso wake ukibadilika, na nikashiba.

"Leo ni msiba wa baba, bwana. Tutaongea kesho."

"Kesho utanicheka. Marehemu hana haraka, na mimi nimeshakaa."

Akageuka kwa katekista, katekista akatazama kitabu chake. Akawageukia wazee. Mdogo wake marehemu, aliyetoka Songea kwa mazishi, akamuuliza kama ni kweli alimwaga taka hizo. Akaanza kueleza bei ya dizeli. Baba mdogo huyo akatikisa kichwa.

"Mtani ametaja ukombozi wake, na haruhusiwi mtu kununa. Wewe mwenyewe si unapenda utani? Toa neno hapa, mbele ya baba yako."

Akalitoa. Sauti ilikuwa ndogo, nikamwambia arudie. Ndipo nikatoka, nikajipangusa udongo, tukamzika mzee kwa heshima zote.

Jioni alikuja, bado amevaa shati jeupe la msiba. Nilimwonyesha pa kuweka chupa, pa kuweka betri, na gunia la rambo. Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama. Alipokosea nilimrudisha. Maganda ya korosho yalimbabua vidole, na nikaona vizuri tu. Mama alitaka kumwonea huruma nikamwambia anyamaze.

Tela lilipojaa akaja kibarazani, jasho linamtiririka, akaomba maji ya kunywa. Nikashuka kisimani, nikachota, nikampa kikombe kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima. Akakipeleka mdomoni, akasita. Akanusa.

"Mtani, haya hayanyweki."

Nilikuwa na maneno makali tayari, niliyatunza tangu siku ile ya kijiweni. Mama akaniwahi, kwa upole wake ule ule.

"Ndiyo tuliyokuwa tukinywa, mwanangu."

Akakiweka kikombe chini, hakutazama mtu. Ndani kulikuwa na ndoo ya maji ya bomba, nimeifunika kwa sahani. Sikuitoa. Akapanda trekta lake akaondoka na kiu.