Siku Armand Aliponyamaza

Tulimzika kaka yangu Armand Desrochers mwezi Machi, ardhi ingali barafu. Mbunge mmoja alisimama kanisani akamwita mtetezi wa wanyonge. Bungeni alikuwa akimwita Bwana Lala.

Armand alikuwa na ng'ombe arobaini wa maziwa, na kwa miaka kumi na minane aliliwakilisha bonde letu katika bunge la jimbo. Kanuni zao zinataka mswada usomwe mara tatu, kwa siku tatu. Wakiwa na haraka, Spika huuliza kama yupo anayepinga kanuni zitenguliwe. Wote wakinyamaza, unasomwa mara tatu papo hapo na kupitishwa. Ikipinga sauti moja tu, mswada unalala hadi kesho.

Sauti hiyo ilikuwa ya Armand. Kisha alikuwa akija jikoni kwangu na penseli, akiusoma mswada huku supu yake ya njegere ikipoa.

"Wenzio hawasomi, mbona wanaishi?" nilimtania.

"Dada, hata maziwa nayapoza kabla sijayauza. Sembuse sheria?"

Mwaka juzi, Ijumaa ya mwisho ya kikao, nilimpigia simu mchana. Kesho yake mjukuu wangu alikuwa anabatizwa, na Armand ndiye msimamizi wake.

"Saa nne kamili, Armand. Usiniaibishe mbele ya padri."

"Kuna mswada umeletwa leo, Lucille. Kurasa tisini. Nikipinga, tutarudi kesho wote."

"Kila siku kuna mswada! Nyamaza mara moja tu. Mungu hatakuhukumu kwa hilo."

Spika alipouliza, ukumbi mzima ulimgeukia.

"Haya, Bwana Lala, tulale tena?" mmoja akasema, wakacheka.

Armand akainamia meza yake. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Dakika tisa. Ubatizoni aliwahi, na maua mkononi.

Jumatatu aliusoma jikoni kwangu. Ukurasa wa sabini na moja ulifuta ruzuku ya magari ya wagonjwa kwa vijiji vidogo. Akaiweka penseli chini.

"Ningeuona usiku ule ule," alisema. Hakunilaumu, wala hakuimaliza supu.

Kituo chetu cha magari ya wagonjwa kilifungwa Septemba. Armand alipeleka mswada wa kukirudisha. Huo hawakuutengulia kanuni yoyote. Ulifia kwenye kamati.

Machi hii alianguka zizini saa mbili asubuhi. Gari la wagonjwa lilitoka mjini, dakika hamsini na tano. Nilikipakata kichwa chake nikasali rozari, Matendo ya Uchungu yote matano, nikaanza tena. Niliposikia king'ora, mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Baada ya mazishi yule mbunge alinifuata na kikombe cha kahawa. "Pole, mama. Laiti tungekuwa na kina Armand wengi."

"Mlikuwa na mmoja. Mlimcheka."

"Lakini siku ile alinyamaza mwenyewe, mama."

Namjua aliyemnyamazisha.

Nilikwenda kuungama. Padri wetu ni kijana mwema. Alinisikiliza, akaniambia sikukusudia, akainua mkono aniondolee dhambi.

"Ngoja, Padri," nilimwambia. "Si haraka hivyo. Lala nayo kwanza. Nitarudi kesho."