Nungunungu wa Honi

Mama yangu alikuwa na sauti iliyotangulia mwili. Kabla hajafika mlangoni tulishajua amemkasirikia nani. Kwenye kiwanda cha mikate, alikofanya kazi tangu usichana wake mpaka kustaafu, walimwita Honi. Mashine za kukandia unga zilinguruma kutwa, na yeye peke yake ndiye aliyesikika juu ya kelele hizo. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye tanuri. Toroli la mikate ya moto lilivutwa na watu wanne, na mmoja wao akiwahi, trei zote chini na mtu kaungua. Kwa hiyo Honi alisimama mbele, mkono juu, akipaza: "Ngoja... ngoja... twende!" Hata meneja aliyekuwa akipita zake, akisikia "ngoja", alisimama.

Meneja huyohuyo alipotaka kina mama wa tanuri waunganishe zamu bila kupumzika, Mama alimjibu mbele ya wote kwa neno moja: hapana. Meneja akaleta hoja, akaleta vitisho, akaleta tabasamu, na kila alicholeta kilikuta hapana ileile mlangoni. Nyumbani tulilifahamu neno hilo vizuri. Mama hakuwahi kulitolea sababu. Alisema ukishatoa sababu, watu wanaanza kuijadili.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Akili hakikuigusa, na hili nalisema kwa hasira kwa sababu wengi hawaamini. Wageni walikuja kumjulia hali wakampigia kelele kama kiziwi: "Bibi kala? Bibi kashiba?" Naye akawatazama kwa jicho ambalo zamani lingewarudisha walikotoka. Mtaalamu wa mazoezi alipomwambia afungue mdomo aseme "aaa", aliufumba zaidi. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi chumba cha mbele, na kitu kilichonitesa hakikuwa kumwosha wala kumgeuza. Ni kule kushona siku nzima katika nyumba ya Honi bila kugombezwa.

Mchezo aliuokota kwa binti yangu wa darasa la kwanza, aliyeusahau umefunguliwa kwenye simu ya zamani pale kitandani kwa bibi yake. Ni mchezo wa mtandaoni wa watoto: vinyama vya katuni vyenye macho makubwa na matumbo ya mviringo, wannewanne, wanabeba tikiti moja kubwa vichwani na kulivusha mto juu ya daraja la kamba. Mmoja akiwahi, tikiti linatumbukia. Unacheza na watu usiowajua, walioko popote duniani. Na kwa kuwa ni wa watoto, waliotengeneza hawaruhusu mtu kuandika chochote, asije mtu mzima mwenye nia mbaya akaingia na maneno yake matamu. Kuna vitufe vichache tu chini ya kioo: Njoo. Ngoja. Twende. Pole. Safi. Hapana. Ukibonyeza, neno linachomoza juu ya kichwa cha mnyama wako, na kila mtu analisoma kwa lugha yake.

Pima mwenyewe maana yake. Mahali pale hapakuwa na mtu yeyote mwenye maneno mengi kuliko mama yangu.

Alichagua nungunungu, akamvika utepe wa waridi. Nikamwomba seremala jirani anitengenezee kishikio cha simu, nikakifunga kwenye meza ya kitandani ili dole gumba lake la kushoto lifike. Nungunungu akasimama mbele ya daraja. Ngoja. Ngoja. Twende! Tikiti likavuka. Haukupita muda watoto wa watu wakawa wakimwona tu ameingia, wanamkimbilia: Njoo! Njoo! Hawakujua ni bibi aliyelala ubavu, na walimtii kuliko tulivyowahi kumtii sisi tuliomnyonya.

Ndipo kaka yangu akaja Jumapili moja mchana. Yeye ni kifungua mimba, anafanya kazi ofisi ya bima, na ndiye msemaji wetu harusini na msibani. Ulimi hauna mfupa, na wa kaka yangu juu ya hapo una mafuta. Alisimama mlangoni akaangalia ile simu.

"Nini hiki?"

"Mchezo."

"Naona ni mchezo. Nauliza Mama anafanya nini na mchezo wa watoto? Mtu aliyeongoza watu kiwandani, leo anachezeshwa vikatuni, na utepe kichwani!"

"Utepe kauchagua mwenyewe."

"Usinifanyie mzaha, mdogo wangu. Watu wakimkuta hivi watasema tumemfanya mtoto. Hii simu naondoka nayo. Na wewe ujue, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilihisi damu ikinipanda. "Mkuu humu ndani yuko kitandani," nikamwambia. "Na hujamuuliza."

"Nitamuulizaje mtu asiyeweza kujibu?"

Alilisema hilo mbele yake, kaka yangu mpenzi, mita moja kutoka kwenye uso wake. Mama alifumba macho.

"Lete simu yako," nikamwambia. Nikamwekea ule mchezo. "Ukiweza kulivusha tikiti hata mara moja, ondoka na simu ya Mama. Mtoto wa miaka sita anaweza."

"Mtoto wa miaka sita anaweza, mimi nishindwe?" akasema, akavuta kiti.

Mama alifumbua macho na kunitazama, na nilistahili lile jicho. Nilikuwa nimeweka dau kitu kisicho changu.

Mchezaji mpya hupewa kifaranga mwenye ganda la yai kichwani. Kaka akaingia daraja lilelile na nungunungu wetu, pamoja na watoto wawili kutoka anakojua Mungu. Jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta pa kuandika.

"Naandikia wapi?"

"Hakuna pa kuandika."

"Sasa nitawaelezaje mpango wangu?"

"Huwaelezi."

Akakimbia mbele. Tikiti likatumbukia mtoni, na kifaranga akalifuata. Mara ya pili hivyohivyo. Wale watoto wakambonyezea Pole, na kaka yangu akaloa jasho kama yuko mbele ya bosi. Nungunungu akasimama: Ngoja. Kaka akauma midomo, akasimama. Ngoja. Twende. Wakaenda hatua kwa hatua, na tikiti likavuka.

Nilijua Mama angeweza kuliangusha makusudi. Lakini Honi hajawahi kuangusha mzigo ili ashinde hoja.

Kaka akaruka kwenye kiti. "Nimevusha! Makubaliano ni makubaliano." Akanyoosha mkono kwenye kile kishikio cha simu.

Simu yake ililia kamlio kadogo. Nungunungu alikuwa amegeuka, anamtazama kifaranga. Hapana.

"Mama, tumekubaliana na..."

Hapana.

"Mama, nisikilize. Mimi ni mwanao wa kwanza, nia yangu ni heshima yako, na kama tunavyofahamu sote..."

Hapana. Hapana. Hapana. Kamlio kwa kila moja, na hakuna hata moja iliyokuja na sababu. Dole gumba halikupumzika. Nilimwona kaka yangu akiishiwa maneno katikati ya hotuba, jambo ambalo hata msibani halijatokea. Aliangalia kioo, akamwangalia Mama, akarudi kwenye kioo.

"Amenikatalia," akaniambia taratibu, kana kwamba mimi sikuona. "Mama kanikatalia."

Lilikuwa neno la kwanza Mama kumwambia yeye peke yake tangu augue. Macho yalimjaa maji na hakuyaficha. Akamsogelea.

"Unataka niondoke?"

Hapana.

"Basi wataka nini, Mama?"

Kwenye kioo tikiti jipya lilikuwa limeshuka, na watoto walikuwa wamejipanga. Njoo, akasema nungunungu.

Kaka akarudi kwenye kiti, akashika simu yake kwa mikono miwili, na hapohapo, kama kawaida yake, akataka kukimbia. Ngoja, akasema Mama. Na kaka yangu, ambaye hajawahi kumngoja mtu amalize sentensi, akangoja.