Mchungaji Aliyemzika Mkewe

Mzee Jumatatu, mwana wa seremala aliyeranda mabenchi yote ya kanisa letu, mjukuu wa mpiga kengele aliyeamsha watu hata siku aliyokuwa na homa, mchungaji mstaafu, mfungisha ndoa na mzika watu, ndiye kaka yangu wa tumbo moja. Jina la Jumatatu alipewa na wachungaji wenzake. Jumapili walihubiri, Jumatatu walikuja kwetu wakiwa hoi, kila mmoja na mzigo wake. Kaka aliwaambia wavue kola mlangoni. Ndani hakuna aliyeitwa mchungaji. Wengine walilia, wengine walilala kwenye kiti mpaka chai ikapoa, na mimi nilipika nyingine bila kunung'unika. Nimewaona wakubwa wengi pale wakiwa na macho mekundu, na sijamtaja hata mmoja.

Mchungaji wetu wa sasa tulimwita Dakika Tano, kwa kuwa kila Jumapili aliahidi kumaliza baada ya dakika tano na hakumaliza. Kaka ndiye aliyemlea katika kazi tangu anatoka chuoni. Mke wa Dakika Tano aliugua muda mfupi, akafa. Wazee wa kanisa walitaka kumwita mchungaji wa ng'ambo ya mto aje kuzika. Dakika Tano akakataa.

"Nimewazika wake za watu," alisema. "Wangu nitashindwaje?"

Akasimama kaburini, akasoma yote, sauti haikutetemeka. Watu wakasema huyo ndiye mwanamume wa imani. Kaka, aliyekuwa ameegemea bega langu, akauliza, "Nani kamruhusu?"

"Kaka, watu wanasikia."

"Wasikie."

Jumatatu ile Dakika Tano hakuja. Na iliyofuata hakuja. Kaka akaomba viatu vyake. Miguu ilikuwa imevimba na daktari alishamwambia moyo umechoka, asitembee mbali. Nilimgombeza mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikabeba chupa ya chai tukaenda.

Tulimkuta mezani kwake, kola shingoni, anaandika mahubiri.

"Bwana asifiwe, Baba. Karibu, Shangazi. Mimi mzima kabisa, Bwana ananitia nguvu."

"Vua hiyo kola," kaka alisema, akajitupa kwenye kiti akihema.

"Nina kikao na wazee, Baba."

"Wataanza bila wewe. Wanapenda kuanza bila wewe, ndipo wanapomaliza mapema."

Dakika Tano hakucheka. Nikaingia jikoni kutafuta vikombe. Vyote vilikuwa kwenye beseni, maji yameota ukungu. Nikakunja mikono ya gauni nikaanza kuosha.

"Shangazi," aliita kutoka sebuleni, "hicho cha bluu usikioshe."

Nikakitazama. Kilikuwa cha mkewe, na majani ya chai yalikuwa yamekaukia chini. Nikakiweka juu ya kabati, mbali na maji.

Niliporudi na chai alikuwa ameinama, anazungumza na sakafu.

"Pale kaburini nilikuwa nawasomea watu, Baba. Nilikuwa naangalia nisiruke mstari. Mke wangu anashushwa, mimi natafuta ukurasa. Tangu siku ile sijaomba. Mbele za watu maneno yanatoka, nikifunga mlango hapana kitu. Nataka niwaandikie wakubwa, niache."

Nilingoja kaka amsomee andiko. Hakusoma.

"Basi usiombe," alisema. "Nitakuombea mimi kila asubuhi, mpaka utakapoweza."

"Na wewe ukifa?"

Nusura nidondoshe sinia. Lakini kaka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa alilolitarajia.

"Ndilo lililonileta. Daktari hanipi muda mrefu. Watakufuata wewe unizike, kwa sababu kanisa ni lako na mwanangu ni wewe. Ukatae."

"Watasema sina shukrani."

"Waseme. Yule wa ng'ambo ya mto atashika kitabu. Sauti yake kama debe, lakini mimi sitakuwa nasikia. Wewe utakaa benchi la wafiwa, pamoja na dada yangu."

"Nitafanya nini pale?"

"Hakuna. Utakuwa umefiwa. Kilio kikija, lia. Usisimame kumfariji mtu, usimsahihishe yule akikosea, usitoe hata neno la shukrani."

"Na nisipoweza kulia?"

"Utamshika huyu mkono. Huyu ana sauti, atalia fungu lake na lako."

Nilitaka kumjibu kwamba mimi si mtu wa kupiga makelele msibani, na watu wote wanajua. Nikammiminia chai badala yake. Dakika Tano alikuwa anamtazama kaka usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Baba, hiyo kazi siijui."

"Najua huijui," kaka alisema. "Ndiyo maana nakupa."