Pete Mbili za Chuma

Kwa nini nilimpa fundi mchoro, nisimweleze kwamba kazi ile ilikuwa kwa ajili ya mama? Nimejiuliza mara nyingi.

Darubini niliitengeneza mwenyewe. Kioo chake nilikisugua kwa mkono miezi saba, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yetu Kimandolu, kisha nikakiweka kwenye kitako cha bomba pana la plastiki. Katika darubini ya namna hii mtu hachungulii nyuma ya bomba, bali ubavuni, karibu na mdomo wa juu. Na kwa kuwa huku tuko jirani na ikweta, mhimili ambao darubini huuzunguka ili kuzifuata nyota hulala karibu sawa na ardhi. Ukiigeuza darubini kutoka mashariki kwenda magharibi, tundu la kuchungulia huishia juu kabisa, mahali pa kufikiwa kwa stuli tu.

Mama alipanda stuli hiyo. Nyonga yake ni mbovu na jicho moja limeshaingia ukungu, lakini miaka yote ya ualimu wake aliwachorea watoto sayari ya Zohali na pete zake, na hajawahi kuiona. Alianguka kabla hajachungulia. Hakuvunjika, ila hakutoka tena kutazama, na jicho lililobaki nalo daktari ameanza kulitilia shaka.

Ndipo nikabuni pete mbili: ya ndani ibane bomba, ya nje ikae kwenye stendi, na kati yake pabaki nafasi ndogo ya kuwekea ukanda wa zulia ili ziteleze. Hivyo bomba lingezungushwa ndani ya pete ya nje, na tundu lingemfuata mtu alipoketi. Nikachora kwa vipimo vyote, nikaandika juu "Kishikio cha bomba", nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kule Sombetini.

Niliporudi kuchukua kazi, alikuwa anatabasamu.

"Kazi imekaa, bosi. Nimekuta inacheza, nikaikaza. Hiyo ya kukaza ni zawadi."

Alikuwa amezichomelea pete zote mbili pamoja, mshono safi duara zima, na rangi nyeusi juu yake.

"Nani amekuambia ukaze?"

"Sasa bosi, nikupe kitu kinacheza? Watu waseme nilikuwa nimelewa?"

"Inatakiwa izunguke!"

"Cha kuzunguka kina beringi. Hapa nimeona uwazi tu. Umeandika kishikio. Kishikio kinashika."

Mwenzake aliyekuwa akinyoosha geti akacheka. "Msomi, mbona mageti tunayoyakaza hayalalamiki?"

"Hujui kusoma mchoro," nikamwambia fundi, mbele ya wateja wake, "halafu unajiita fundi."

Tabasamu likafutika. "Haya. Peleka kwa anayejua."

Nilizibeba zile pete nikaondoka bila kuaga. Karakana zote nilizowahi kuzijua mjini hapa zina sifa moja tu ya kazi nzuri: haichezi. Mteja hulitikisa geti kwa mikono miwili kabla ya kulichukua. Mimi mwenyewe hutikisa. Nililijua jambo hili, na bado nilitarajia mtu auone uwazi kati ya vyuma viwili na kuuheshimu, eti kwa sababu niliuandikia namba.

Mama alikuwa barazani akichambua maharage.

"Ulimwambia ni ya nini?"

"Nilimpa mchoro, mama. Kila kitu kimo."

"Na mimi nimo?"

Nikaziweka pete chini.

"Naanguka mimi, aibu unaona wewe. Umemficha mtu kazi yake, halafu umemtukana." Akahamia Kimeru, kama afanyavyo anapokasirika kweli, na sitayaandika aliyoyasema.

Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla Zohali haijatoweka kwenye anga la jioni. Kabla ya kulala nikaamua kwamba pete hazitarudi kwa fundi zenyewe tu.

Asubuhi nilipakia bomba, stendi, kiti cha mbao, na mama. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," mimi hakuniangalia. Nikaliinua bomba, nikamwonyesha tundu linapoishia. Nikamwambia kwamba anayetazama ni huyu, kwamba alipanda stuli akaanguka, na kwamba kupanda tena hawezi. Sikuomba radhi. Naye hakuomba.

Alizigeuza pete mkononi kwa muda mrefu.

"Mama, naomba ukae kama utakavyokaa siku hiyo."

Mama akaketi, akanyoosha mgongo. Fundi akavuta tepu kutoka chini hadi usawa wa jicho la mama, akaandika kipimo kwenye kiganja, akavaa miwani, akawasha grenda na kuanza kuukata mshono wake.