Leta Kiatu Kwanza: Muuza Gundi wa Kapsoit

Saa mbili asubuhi, mvua bado inanyesha katika mji mdogo wa Kapsoit, na Phelis Mageto ameinamia kiatu cha mtu. Anapaka gundi kwenye soli, anabana, kisha anakiweka kwenye baraza ya duka kikauke.

"Mkebe siuzii kijana," anasema. "Ukitaka gundi, leta kiatu nikupakie mwenyewe."

Sheria hiyo aliitunga mwaka jana, 1996, alipomkuta kijana mchuma chai amezirai nyuma ya soko kwa kunusa gundi, kando yake mkebe aliomuuzia Phelis mwenyewe. Kijana alipona. Phelis, mwenye miaka thelathini na tisa, hajapona.

Duka hili la vifaa vya ujenzi humlipa shilingi 2,200 kwa mwezi. Tajiri wake, Isaiah Kipngetich, humtania mbele ya wateja kuwa ni daktari wa soli. Na wagonjwa hawakosekani: wiki jana alipaka gundi mara kumi na nne.

Kumbe mara nne zilikuwa za kiatu kimoja. Weldon, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa akiibandua soli kwa mkono ili arudi kusimama barazani penye harufu ya gundi.

"Sasa nimesaidia ama nimeharibu?" anauliza Phelis. "Nikimfukuza, ataenda kununua mkebe Kericho. Nikimpakia, ni mimi nampatia hiyo harufu."

Jana mambo yakamfuata hadi nyumbani. Binti yake Rebeccah, wa darasa la nane, alimletea kiatu cha shule kilichobanduka soli, mara ya pili mwezi huu.

Leo Phelis anakigeuzageuza. Njia ya shule ni mawe na matope. Soli huweza kubanduka yenyewe. Huweza pia kubanduliwa. Anaogopa kuuliza, anaogopa kunyamaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hilo analijua fika.

"Mimi najua gundi," anasema, machozi yakimlengalenga. "Mtoto wangu ndio sijui."

Adhuhuri anampelekea kiatu hicho jirani yake Ogari, fundi viatu, amfundishe kushona. Anataka viatu vyote vya barazani vishonwe, gundi isiguswe tena.

"Uzi haina harufu," anasema. "Nikishona na ifunguke tena, nitajua si mawe ya barabara."

"Na ukishajua, mama?" Ogari anamuuliza.

Phelis anachomoa sindano, anakiweka kiatu chini.

"Wacha," anasema. "Jioni namuuliza Rebeccah mwenyewe. Kiatu haiwezi kunijibia."