Niliamini kuogesha mgonjwa siku ya mtihani kunafuta ulichosoma

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni kweli tupu, chumvi nimeweka tu pale aibu ilipozidi.

Mwaka mzima niliamini kwamba ukimwogesha mgonjwa siku ya mtihani, ulichosoma kinatoka na maji. Chote. Mwisho unasahau mpaka jina la mama yako.

Msicheke kwanza.

Nilikuwa chuo full-time, darasa la jioni, upande wa Kyambogo. Asubuhi nilikuwa nursing assistant kwenye kituo kidogo Bwaise. Wagonjwa waliniita musawo, yaani daktari, na mimi siwasahihishi ng'o.

Habari ya maji nilipewa na Wasswa, mwenzangu wa zamu. Eti binamu yake aliogesha watatu asubuhi, akaingia kwenye paper akaandika jina la mgonjwa badala ya lake.

Bambi, maskini mimi, nikaogopa.

Wasswa kwa huruma yake akajitolea: wiki za mitihani yeye ataogesha, mimi nichukue bedpan, mashuka, kupiga deki na kugeuza wagonjwa. Wa kwake na wa kwangu.

Nikamshukuru! Nikamnunulia na rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai mawili.

Jioni nafika darasani nimechakaa kama godoro la wodi. Nafungua daftari, ukurasa wa kwanza, nakoroma. Nilikoroma hadi lecturer akapunguza sauti kwa heshima.

Paper ya patient care nikaanguka. Mimi, musawo mzima! Nikapewa retake, na chuo kikasema wazi: ukianguka tena, unaenda nyumbani.

Nikajua tu kuna tone la maji lilinirukia.

Retake ikawa Ijumaa, saa nane mchana. Wasswa yuko likizo. Na Mwalimu Sudi, mzee wa madrasa ambaye stroke ilimlaza upande mmoja, anataka kuoga kabla ya swala ya Ijumaa.

Nikajificha store. Akaita mpaka wodi nzima ikamsaidia kuita. Nikatoka, nikamweleza ukweli.

Mzee alicheka hadi kitanda kikalia.

"Lete beseni. Na hilo daftari lako niwekee hapa kifuani."

Nikavaa gloves pea tatu, za akiba. Mimi nasugua, yeye miwani puani, ananiuliza maswali.

"Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya muda gani?"

"Saa mbili, Mwalimu."

"Na mimi umenigeuza lini leo?"

Nikamgeuza.

Nilibadilisha maji mara mbili, mzee bado anauliza. Nikimaliza mguu, anarudia swali nililokosa kwenye mkono.

Wakuu, nilipita! Nilipita kama mtu anayepita kwenye uzio wa miba, shati limechanika, lakini niko upande wa pili. Leo nina diploma yangu ukutani na imeinama kidogo.

Nilichojifunza: ukisoma huku unafanya kazi, muda wa kusoma ulinde kama simu kwenye umati. Na mtu akikuhurumia, angalia kwanza amekuachia mzigo gani. Mlio kwenye hali hii, mnasoma saa ngapi? Semeni, na kunicheka ruksa.

Ila hamtanimaliza kama Mwalimu. Matokeo yalipotoka nilimkimbilia kitandani.

"Mwalimu, kumbe maji hayafuti kitu! Sasa ile paper ya kwanza nilisahau vipi?"

Akavua miwani.

"Hukusahau, kijana. Hukusoma."